Wino kwenye Kidole cha Bosi

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ilikuwa kuandika. Bibi alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, kinu mbele yake, akitwanga magome aliyoyakausha juu ya bati. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chupa zimepangwa miguuni pangu, kalamu ya wino mzito mkononi. Bibi hakujua kusoma wala kuandika, lakini ukimfumba macho ukampa chupa yoyote ainuse, atakwambia imo nini na ilichemshwa lini. Basi yeye ananusa, ananitajia, nami naandika: Kikohozi. Tumbo. Mafua. Kwa ajili ya kazi hiyo aliniita Karani, na jina likaenea mtaa mzima hadi walimu wakalizoea.

Yeye mwenyewe mtaani aliitwa Bibi Mizizi. Mteja akitokea, mchi unapumzika na mdomo unaanza kazi.

"Chukua hii, mwanangu," angesema, akiinua chupa juu ili mwanga uipitie. "Mtoto anayekunywa hii kila Ijumaa, homa inampita mbali. Surua yenyewe ikimwona inageuza njia!"

Wateja walicheka, wakachukua chupa zao, wakaondoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwangu maneno ya Bibi yalikuwa sawa na yaliyoandikwa kitabuni. Tena mdogo wangu alikuwa akinywa dawa hiyo kila Ijumaa, huku amebanwa pua na kushikwa miguu, kwa sababu ilikuwa chungu ajabu.

Mdogo wangu huyo alikuwa na miaka mitatu. Tulimwita Bosi, maana tangu aanze kusema alichojua ni kutoa amri. "Leta maji! Nibebe! Wewe, kaa pale!" Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu na tulimwona kwa nadra. Mama alikuwa fundi cherehani. Nyumba yetu ilikuwa ya watu wanne, na mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa mfupi kuliko wote.

Jumamosi moja, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, Mama aliondoka asubuhi na mapema. Alikuwa na sare za wanafunzi zimerundikana hadi dirishani, na kila mzazi alitaka ya mwanawe ishonwe kwanza. Alipofika mlangoni alisimama akanigeukia.

"Karani, nisikilize vizuri. Leo kuna chanjo ya surua pale shuleni. Mpeleke mdogo wako. Alipofikisha miezi tisa tulikuwa katikati ya kuhama, chanjo ikampita, na kadi yake ya kliniki ikapotelea hukohuko. Leo isimpite tena. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Wakimaliza kumchoma watampaka wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Nikirudi nitauangalia huo wino."

Nilimfunga Bosi mgongoni tukaenda. Tulipofika shuleni nilichoka kabla sijaanza kusimama. Foleni ilitoka kwenye mlango wa darasa la kwanza, ikazunguka tangi la maji, ikanyooka hadi getini. Watoto walikuwa wakilia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwingine anapokea. Nesi mwenye miwani alipita akituomba tuwe wavumilivu. Bosi alinipiga mateke mbavuni akiamuru, "Twende! Twende nyumbani!" Baada ya muda mrefu tulikuwa tumesogea hatua kama kumi.

Hapo ndipo alipopita rafiki yangu Kasuku, akikimbia, viatu mkononi. Kasuku alikuwa binti wa jirani yetu Mama Pacha, na jina lake alilipata kwa sababu hakuna habari iliyoingia sikioni mwake isitokee mdomoni.

"Karani! Unafanya nini hapo?" alipiga kelele. "Mechi inaanza saa nne! Bila wewe nani atafunga?"

Mechi yenyewe ilikuwa ya netiboli, mtaa wetu na mtaa wa juu, kwenye uwanja wa nyuma ya soko. Mimi ndiye niliyekuwa mfungaji. Tulikuwa tumefanya mazoezi likizo nzima, na wale wasichana wa mtaa wa juu walikuwa wametutukana vya kutosha. Niliitazama foleni. Nikautazama mlango wa darasa la kwanza, mbali kule. Kisha nikayakumbuka maneno ya Bibi: surua yenyewe ikimwona inageuza njia. Kama ni hivyo, nilijiambia, Bosi anachomwa sindano ya nini? Si amekwisha kunywa dawa jana tu?

Nikatoka kwenye foleni.

Nyumbani Bibi hakuwepo, alikuwa amekwenda kuchuma majani. Nilichukua kalamu ya wino mzito kutoka kwenye kikapu cha chupa, nikamkalisha Bosi kwenye kigoda, nikampaka ukucha na ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Alipendezwa mno. Akanyoosha vidole vingine vyote.

"Na hiki! Na hiki!"

"Kimoja tu, Bosi. Ndiyo sheria."

Tulishinda mechi. Nilifunga mabao manane, na Kasuku alinibeba juu juu hadi tukaanguka wote. Alipokuwa akijipangusa vumbi aliniuliza, "Foleni yote ile imeishaje mara moja?" Nikamjibu kwamba nesi alitupitisha mlango wa nyuma kwa sababu Bosi alikuwa akilia sana. Uongo ulinitoka laini kama maji, nami nikajishangaa.

Jioni Mama aliingia na uzi umemganda kwenye nywele. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuushika mkono wa Bosi na kuusogeza karibu na dirisha.

"Hongera, baba. Ulilia?"

"Sikulia!" alijibu Bosi, kifua mbele.

Na kweli hakulia. Mama na Bibi walicheka hadi machozi yakawatoka, nami nikacheka nao. Wino wangu haukuwa imara kama wa manesi. Ulianza kufifia siku ya tatu, nami nikaurudishia kwa siri wakati wa kumwogesha. Nilifanya hivyo kila ulipofifia, na kila mara Bosi aliniletea vidole vingine.

Wiki ya tatu Bosi aliamka bila kutoa amri hata moja. Alikuwa wa moto, macho mekundu, pua inachuruzika, na kikohozi kikavu kilichomtikisa mwili mzima. Bibi alimweka mapajani, akamgusa shingo, akamfungua mdomo, akamtazama macho kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha maji.

"Ningeambiwa mtoto huyu hajachanjwa," Bibi alimwambia Mama, "ningesema hii ni surua inaanza, umkimbize hospitali sasa hivi. Lakini kachanjwa. Kidole hiki hapa. Itakuwa mafua makali tu. Tumpe dawa, tumwangalie."

Nilitaka kuuliza, "Bibi, si ulisema surua inaiogopa dawa yako?" Nilitaka kusema jambo jingine pia, lile kubwa. Mdomo niliufungua, lakini nilimwona Mama amesimama pale na utepe wake wa kupimia nguo shingoni, amekunja uso kwa wasiwasi, na nikaona vile uso huo utakavyobadilika akisikia nilichofanya. Niliogopa. Nikasogea, nikawapa kikombe cha maji.

Siku tatu zikapita hivyo. Bosi alikunywa dawa ya Bibi bila kubanwa pua, na jambo hilo lilinitisha kuliko homa yenyewe. Siku ya nne vipele vilimtoka nyuma ya masikio, vikashuka usoni, vikaenea kifuani. Saa tano asubuhi alianza kuhema mbiombio, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Bibi alitupa mchi chini.

"Mbebe!" alimwambia Mama. "Mbebe, twende! Chanjo au si chanjo, hii ni surua!"

Sijawahi kumwona Mama akikimbia kama siku ile. Kandambili moja ilimtoka njiani na hakugeuka kuiangalia.

Hospitalini walimpokea Bosi mikononi mwa Mama hata kabla hajakaa. Wakamwekea hewa ya puani, wakamchoma sindano, wakampa matone ya vitamini kwa ajili ya macho. Nimonia, walisema. Surua ilikuwa imeshuka kifuani. Aliyekuwa akiandika habari zake ni yule nesi mwenye miwani.

"Alichanjwa?" aliuliza.

"Alichanjwa, dada," alijibu Mama. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Pale shuleni, wiki ya tatu hii. Huyu dada yake ndiye aliyempeleka. Tazama, wino bado upo."

Nesi alikitazama kidole, kisha akanitazama mimi. "Ulimpeleka wewe? Walimchoma mkono gani?"

"Wa kushoto," nikasema.

Akaandika. "Ni wachache sana wanaougua surua baada ya kuchanjwa," alisema taratibu. "Lakini hutokea." Mama aliinamisha kichwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi ya wodi ilikuwa saruji ngumu na mimi nikabaki pale pale nimesimama.

Nilidhani uongo wangu umefikia mwisho wake. Sikujua kwamba ndio kwanza unaanza safari. Habari zilitoka hospitalini, zikafika mtaani kabla yetu. Nilizikuta bombani nilipokwenda kuchota maji kesho yake.

"Mjukuu wa Bibi Mizizi kachanjwa na bado kaugua surua."

"Hata wino upo kidoleni, nimeuona kwa macho yangu!"

"Sasa sindano zao zina faida gani? Mimi wangu hawachomwi tena."

Wakati huo watoto wengine wanne walikuwa wamekwisha kuugua mitaa ya jirani. Gari la kipaza sauti lilipita likitangaza kwamba wauguzi watarudi shuleni siku ya Jumamosi, kwa siku hiyo moja tu, kwa watoto wote ambao hawakuchanjwa mara ya kwanza. Jumamosi ilipofika nilipita shuleni nikipeleka uji hospitalini. Hakukuwa na foleni. Nesi mwenye miwani alikuwa amekaa peke yake mbele ya darasa la kwanza, mikono mapajani, sanduku la kutunzia baridi miguuni pake. Niligeuza uso nikaongeza mwendo.

Foleni niliikuta nyumbani kwetu niliporudi. Ilianzia kwenye kigoda cha Bibi, ikapita pembeni mwa nyumba, ikatokeza barabarani. Akina mama walikuwa wamebeba watoto migongoni na chupa tupu mikononi. Bibi alikuwa akitwanga na kuchuja, jasho linamtoka. Alikuwa amechoka, ila nitasema kweli: hakuwa na huzuni. Hakuwahi kupata watu wengi namna hiyo.

"Karani, umefika! Njoo ukae," aliniita. "Wananichanganya. Kila mmoja anataka yake iandikwe."

Nilikaa juu ya ndoo. Nikashika kalamu. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Pacha, mapacha wake wa miezi kumi wamekaa mapajani, mmoja anatafuna kona ya kanga, mwingine ananichekea kwa meno mawili. Kasuku alikuwa nyuma yake ameshika chupa mbili.

"Bibi," Mama Pacha alisema, "hawa nilitaka kuwapeleka shuleni leo. Mara ya kwanza walikuwa na homa, hawakuchomwa. Lakini baada ya yale ya Bosi, hapana. Nipe dawa ya surua ya kuwakinga."

Bibi alisita kidogo, mchi mkononi. "Mimi hata sielewi ile chanjo ilishindwaje," alisema. Kisha akaijaza chupa, akaifunga, akanipa. "Haya, Karani. Andika: Surua."

Niliishika ile chupa. Ilikuwa bado ya moto. Niliiandika herufi ya kwanza, S, na mkono ukakataa. Sikuona chupa tena. Nilimwona Bosi wodini, mbavu zinaingia na kutoka, kisha nikawatazama hawa wawili, na yule mwenye meno mawili bado alikuwa akinichekea mimi. Mimi!

"Bosi hakuchanjwa," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasimama na ndoo ikaanguka.

"Bosi hakuchanjwa! Nilitoka kwenye foleni. Wino wa kidoleni nilimpaka mimi, kwa kalamu hii!"

Mama Pacha alinitazama kana kwamba nimemwagia maji ya barafu. Halafu mwanamke mmoja wa katikati ya foleni akacheka kwa dharau.

"Mtoto kafundishwa huyu! Nimemwona akipita pale kwa nesi asubuhi. Wameona watu hatuendi, wamemtuma."

"Ndiyo!" mwingine akaunga mkono. "Anatoka hospitalini sasa hivi."

Nilikuwa nimeogopa kugombezwa, kupigwa, kutukanwa. Kutoaminiwa sikuwa nimekufikiria. Uongo wangu waliupokea bila swali, na ukweli wangu walikuwa wanaucheka. Nilinyoosha mkono wangu wa kushoto, nikapaka wino kwenye ukucha wa kidole kidogo mbele yao, nikawaonyesha.

"Tazameni! Si ndivyo kilivyo cha Bosi? Kasuku, waambie. Siku ya chanjo nilikuwa wapi?"

Kasuku alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikosa haraka ya kusema.

"Ni kweli, Mama," alisema hatimaye. "Nilimwona kwenye foleni, yuko karibu na geti. Na mechi ilipoanza alikuwa uwanjani na Bosi. Aliniambia wamepita mlango wa nyuma. Lakini darasa la kwanza halina mlango wa nyuma. Mimi nimesoma pale."

Hapo hakuna aliyecheka. Bibi aliweka mchi chini taratibu. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu nimempa mtoto dawa ya mafua, huku wewe unajua. Kwa nini, Karani?"

Nilikuwa nalia kwa kwikwi. "Wewe ulisema, Bibi. Ulisema surua ikimwona anayekunywa dawa yako inageuza njia. Unasema kila Jumamosi."

Bibi aliwatazama akina mama kwenye foleni, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesubiri atetewe. Hakuna aliyemtetea, kwa sababu wote walikuwa wameyasikia maneno hayo, na wote walikuwa wamesimama pale kwa ajili ya maneno hayo.

"Yale ni maneno ya kuuzia," alisema kwa sauti ndogo. "Kila mtu anajua ni maneno ya kuuzia."

"Mimi sikujua, Bibi," nikasema.

"Hata mimi sikujua," alisema Mama Pacha. Alikuwa amewakumbatia mapacha wake hadi mmoja akaanza kulalamika.

Kisha Bibi akafanya jambo ambalo mtaa wetu unalizungumzia hadi leo. Alilegeza kanga begani, akakunja mkono wa gauni, akatuonyesha kovu la mviringo kwenye mkono wake wa juu.

"Mnaliona hili? Ni chanjo ya ndui. Mama yangu alinipeleka nikiwa mdogo kuliko Kasuku. Na mama yake Karani, na wadogo zake wote watano, nimewabeba mgongoni mwenyewe kwenda kuchanjwa. Hakuna hata mmoja niliyemwacha. Dawa zangu ni za kikohozi na tumbo, na hizo nazijua. Kinga ya surua sina. Sijawahi kuwa nayo."

"Bibi Mizizi!" yule mwanamke aliyenicheka alipiga makofi ya mshangao. "Wa kwako wote umewachanja? Na sisi unatuuzia chupa?"

"Mlikuwa hamniulizi," alijibu Bibi, "nami sikuwaambia. Ilinifaa mkiamini hivyo. Huyu mtoto kadanganya siku moja. Mimi nimedanganya miaka yote niliyokaa kwenye kigoda hiki." Akaichukua ile chupa yenye herufi moja, akaimwaga chini. "Nipe pacha mmoja nimbebe. Nesi anaweza kufunga wakati wowote. Twendeni!"

Hatukwenda wote. Wengine walirudi makwao wakinung'unika kwamba sasa hawajui wamwamini nani, na sikuweza kuwalaumu. Lakini tuliokwenda tulitosha kuijaza barabara. Tulimkuta nesi mwenye miwani amesimama, sanduku lake limefungwa kamba, anasubiri gari. Alipotuona tunaingia getini, Bibi mbele na pacha mgongoni, alidhani tumekuja kufanya fujo akarudi nyuma hatua mbili.

"Fungua sanduku, mwanangu," Bibi alimwambia akihema. "Nimekuletea wateja wangu."

Mapacha walichomwa wa kwanza. Walilia hadi wakakosa sauti, na sijawahi kufurahi kusikia kilio namna hiyo.

Kumwambia Mama kulikuwa kugumu kuliko kote. Bibi alinifikisha hadi mlango wa wodi, akaniambia, "Hapa ingia peke yako." Mama alikuwa amekaa kando ya kitanda, anampepea Bosi kwa kipande cha boksi. Nilimweleza yote, tangu foleni hadi mkono wa kushoto. Mkono wake uliokuwa ukipepea ulisimama. Hakunipiga wala hakunifokea. Alinitazama kana kwamba nimeingia wodini kwa makosa na hanijui, halafu akainuka kwenda kumtafuta daktari ili habari ya chanjo ya Bosi irekebishwe kwenye faili. Nilibaki nimeshika kile kipande cha boksi, nikaendelea kupepea.

Bosi alilazwa siku kumi na moja. Mtaani waliugua watoto wengine sita na wote walipona. Mapacha hawakuugua. Jumatatu baada ya Jumamosi ile nilisimama mbele ya shule nzima nikasimulia nilichofanya, kwa kuwa mwalimu mkuu aliniomba na Mama akasema nikubali. Wazazi wengine walikuja kusikiliza.

Bosi aliporudi nyumbani alikuwa mwembamba na mnyonge, sikio moja bado likimtoka usaha, lakini kesho yake alimwamuru Bibi amletee maji, nasi tukajua amepona. Bibi aliendelea na kazi yake. Kikohozi, Tumbo, Mafua. Akija mtu kuulizia kinga ya surua, anamwonyesha njia ya kwenda kliniki na kumwambia aende kabla hajakaa. Wateja wamepungua kidogo, na waliobaki wanamwamini zaidi.

Jioni moja nilikuwa nikimsaidia Mama kukunja nguo. Bosi alikuwa akicheza uani, ametugeuzia mgongo. Tangu nimsimulie yale, Mama alikuwa akiniambia mambo ya kazi tu: leta hiki, osha kile. Siku hiyo aliweka nguo chini.

"Karani, ungeniambia ile siku ya kwanza ya homa, ningekufokea," alisema. "Pengine ningekuchapa. Halafu ningembeba mdogo wako nikampeleka hospitali saa ileile, kifua chake kikiwa bado kizima. Kosa la kutoka kwenye foleni ni la mtoto, nalielewa. Lakini ulizikimbia kelele zangu, ukaniacha siku tatu natibu ugonjwa ambao sio. Mtu akikosea na akasema, tunaweza kutengeneza. Akikosea na akaficha, wote tunafanya kazi gizani, mimi, Bibi yako, hata daktari. Ukikosea tena, na utakosea, njoo uniambie. Nitafoka, nitamaliza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Alinivuta karibu, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akanifuta uso kwa kona ya kanga yake. Kisha akamtazama Bosi kule uani.

"Nesi amesema usaha umekauka," alisema, "lakini sikio la kushoto huenda lisirudi. Nenda kamwite aje kula. Pitia upande wa kulia, akusikie."